Inyonga, na Amana ya Maji ya Mbali

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tuliondoka Tabora alfajiri, baada ya sala, mvua za masika zikiwa zimekwisha na majani ya miyombo yakiwa bado mabichi. Safari yetu ilikuwa ya kwenda Inyonga, makao ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, kumzuru mjomba wetu na bibi yetu mzaa mama, ambao hatukuwa tumeonana nao kwa muda mrefu. Basi lilipita Sikonge, likapita Ipole, likauvuka mto Koga. Na katika mwendo wote ule vitu viwili havikutuacha: msitu na nguzo za umeme. Msitu ulikuwako tangu enzi za babu zetu, ilipokuwa misafara ya karne ya 19 ikiikata nchi hii ya Ukonongo kwa miguu. Nguzo ni za juzi. Ni njia ya umeme wa kilovolti 132, yenye urefu wa kilomita 383, iliyojengwa kutoka Tabora, ikapita Ipole na Inyonga mpaka Mpanda, ili Mkoa wa Katavi uunganishwe na gridi ya taifa.

Kabla ya njia hiyo kujengwa, watu wa Katavi walitegemea mitambo ya dizeli. Aliyewahi kuishi jirani na mtambo wa dizeli atatuelewa: mwenye taa huisikia taa yake. Mtambo ukinguruma, anajua kwamba mafuta yanateketea. Ukikohoa, anajua kwamba giza li karibu. Umeme unaotoka mbali hauko hivyo. Huja kimya, hauna moshi wala kishindo, na kwa sababu ya ukimya wake mtu aweza kuwasha taa miaka kumi pasipo kuuliza hata siku moja umetoka wapi, na huko ulikotoka kuna nani. Swali hilo hatukuliuliza sisi. Aliyeliuliza ni bibi yetu, na kwa ajili ya swali lake tumeandika habari hii.

Inyonga ni mji wa asali. Ukitoka mjini kidogo tu, waingia katika msitu ambao mizinga imetundikwa juu ya miti, mingine ya magome, mingine ya magogo, na siku hizi mingine ya mbao. Mjomba wetu ni mrina asali tangu ujana wake. Siku ya pili ya kufika kwetu alituchukua msituni pamoja na mwanawe wa kiume, kijana asomaye chuo cha ufundi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo.

Tulipofika penye mti wake, mjomba hakupanda mara moja. Aliifunga kamba, akaining'inia yeye mwenyewe karibu na ardhi, akaivuta kwa nguvu mara tatu, kisha akaipitisha yote katika vidole, shubiri baada ya shubiri. Mwanawe akacheka akasema, "Baba, si uliipima jana?" Mjomba akamjibu pasipo kumtazama, "Jana nilipanda kwa kamba ya jana." Kisha akapanda. Alipokuwa tayari kuushusha mzinga, akaita, "Nani yuko chini?" Nasi tulikuwa tumekwisha kusogea mbali, tukanyamaza, tukidhani kwamba ametuona. Hakuushusha. Akaita tena, na tena, mpaka kila mmoja wetu alipojibu kwa sauti yake mahali aliposimama. Baadaye alitwambia, "Mpwa wangu, kuita si kazi. Kazi ni kujibiwa. Aliye juu akiita tu asingoje jibu, amejisafishia roho yake tu, hakumwokoa mtu."

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, tuliketi juu ya mkeka barazani chini ya taa. Bibi alikuwa amenyamaza muda mrefu. Ana binti aliyeolewa Rufiji, ambaye sisi humwita mama mdogo. Na mwezi wa Aprili 2024, maji yalipoingia kijijini kwao, mama yule aliondoka usiku na watoto wake, mdogo akiwa mgongoni, akaacha godoro, magunia ya mpunga na vyombo vyote. Hakuna aliyekufa katika nyumba yake, alhamdulillahi. Basi Bibi akaitazama taa, akasema, "Mjukuu wangu, twaambiwa umeme huu watoka katika maji. Je, walio chini ya maji hayo hulala usingizi?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Maji ya Inyonga hayaendi Rufiji. Mto Koga huelekea Ugalla, na Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huishia Ziwa Tanganyika. Hata hivyo waya umewaunganisha watu ambao mito haikuwaunganisha. Umeme wa gridi hutoka kwenye gesi, na hutoka kwenye maji. Na sehemu kubwa sana ya ule wa maji hutoka katika bonde moja tu, bonde la mto Rufiji. Mtera na Kidatu ziko juu ya Ruaha Mkuu. Kihansi, katika milima ya Udzungwa, humwaga maji yake kuelekea Kilombero. Ruaha na Kilombero zote mbili humwagikia Rufiji, na hapo ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Bwawa hilo lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme mwaka 2024, na zote tisa zikakamilika mwaka 2025. Kwa hiyo taa ya Inyonga iliyofungwa katika gridi ina udugu na nyumba ya mama mdogo, na Bibi alikuwa na haki ya kuuliza.

Yatupasa kusema kweli kwa pande zote mbili. Rufiji ilikuwa ikifurika karne nyingi kabla ya ukuta wowote kujengwa, na wakulima wa bonde walijifunza kulima mpunga kwa kufuata mafuriko. Mvua za msimu ule wa El Niño zilikuwa nyingi mno. Bwawa lilizuia maji mengi, na lilipojaa likayafungulia, kwa kuwa ukuta usiofungulia maji hujihatarisha wenyewe, nao ukivunjika hasara yake haina mfano. Lakini hapa ndipo lilipo fumbo la kila bwawa la umeme, nalo lafaa kujulikana na kila nyumba. Mwendesha bwawa ana matamanio mawili yanayopingana. Akitaka umeme mwingi, yafaa bwawa lijae. Akitaka kuyapokea mafuriko na kuwakinga walio chini, yafaa aache nafasi tupu. Akichelewa kufungua kwa kuyaonea maji uchumi, huenda akalazimika kufungua mengi kwa mara moja; akifungua mapema kidogo kidogo, mto hupanda polepole, na mtu hupata muda wa kumbeba mtoto, na mbuzi, na gunia lake.

Wanazuoni wetu wa fikihi wameliweka wazi jambo hili zamani: kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Kanuni hiyo si ya msikitini peke yake. Yafaa kuandikwa katika chumba cha mwendesha bwawa, kwa namba, kabla ya masika: maji yakifika kimo hiki mwezi huu, lango fulani lifunguliwe kiasi hiki, na watu wa vijiji fulani waarifiwe saa kadhaa kabla. Uamuzi ulioandikwa wakati wa kiangazi ni wa akili. Uamuzi wa usiku wa mvua, simu zikilia kila upande, mara nyingi ni wa hofu.

Mwana wa mjomba alikuwa akisikiliza. Akasema kwamba chuoni wamefundishwa habari za mitambo ya milimani, ambayo hatari yake haiko katika ukuta tu. Akatutolea mfano wa Kihansi, kituo cha megawati 180 kilichochimbwa ndani ya mwamba. Maji pale huporomoka karibu mita 850 kabla ya kuyapiga magurudumu ya mashine. Tukafanya hesabu pamoja juu ya mkeka. Kila mita kumi za kina cha maji hukandamiza kwa karibu kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Basi mita 850 ni karibu kilo 85 juu ya mahali padogo kama ukucha wa kidole: ni kama mtu mzima amesimama juu ya kila ukucha wa mwisho wa chini wa bomba lile, mchana na usiku. Na kama mjuavyo, ukilifunga bomba la nyumbani kwa ghafula, husikia limegonga ukutani. Katika bomba la mlimani, kufunga kwa pupa ni kulipiga bomba nyundo kwa ndani. Ndiyo maana malango yake hufungwa taratibu, kwa muda uliopimwa.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Uswisi si jina geni Inyonga. Shirika la ADAP la huko Geneva limeshirikiana na wafuga nyuki wa hapa kwa miaka mingi. Nchi hiyo imejenga mabwawa marefu katika milima yake ya theluji, na mafundi wake wasifika ulimwenguni. Hata hivyo tarehe 12 Desemba 2000, bomba la chuma la kituo cha Bieudron, ambako maji huporomoka zaidi ya mita 1,800, lilipasuka. Maji yakabomoka mlimani, watu watatu wakafa, na kituo kikasimama karibu miaka tisa. Ng'ambo ya milima hiyo, katika Italia, yalitokea makubwa zaidi. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu wa mlima uliporomoka ndani ya bwawa la Vajont. Wimbi likaruka juu ya ukuta, likateremka bondeni, na karibu watu 2,000 wakaangamia. Ukuta wenyewe haukuvunjika. Umesimama mpaka leo. Mlima ulikuwa umeonyesha dalili za kusogea tangu miaka mitatu nyuma, na watu wa vijijini walikuwa wamelalamika. Na katika Urusi, tarehe 17 Agosti 2009, mashine moja ya kituo cha Sayano-Shushenskaya iling'oka mahali pake, maji yakajaza jumba, watu 75 wakafa. Mashine ile ilikuwa ikitetemeka kupita kiasi, nayo ikaendelea kuendeshwa.

Ukitazama misiba hii mitatu, waona kwamba miwili kati yake haikukosa dalili. Mlima ulisogea na mashine ikatetemeka. Zilizokosekana ni mkono wa kusimamisha kazi, na sikio la kumsikiliza aliyeona kwanza. Mara nyingi aliyeona kwanza ni fundi mdogo wa zamu, au mchungaji aliye kando ya mlima. Basi usalama wa mitambo huanzia hapa: kwamba mdogo akisema "simamisheni", wakubwa wasimamishe kwanza, waulize baadaye, na wala asiadhibiwe ikiwa amekosea.

Bibi aliposikia hayo akasema, "Mafuriko ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Ni kweli, na hapana Mwislamu apingaye. Lakini sote twaijua habari ya bedui aliyemwacha ngamia wake pasipo kumfunga akisema anamtegemea Mungu, na jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyomwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Mvua ni kudra. Lango lililoshika kutu kwa kutojaribiwa mwaka mzima ni uvivu. Tusiyachanganye mambo haya mawili, tukamsingizia Mola wetu uzembe wa mikono yetu.

Tena Qur'ani Tukufu imetusimulia bwawa. Watu wa Saba, katika nchi ya Yemeni, walineemeshwa kwa bustani kuume na kushoto, nazo zilinyweshwa na bwawa la Ma'rib, lenye ukuta wa karibu mita 600 kutoka ncha mpaka ncha. Walipoacha kushukuru, wakaletewa mafuriko ya Arim, na bustani zao zikageuka vichaka vichungu. Maandishi yaliyochongwa katika mawe huko Ma'rib yaonyesha kwamba ukuta ule ulivunjika na kutengenezwa zaidi ya mara moja. Mwaka 548 Abraha aliutengeneza, na kabla ya karne ya sita kwisha ukavunjika usijengwe tena. Baadhi ya wafasiri wamesimulia kwamba ulianza kuharibiwa na panya waliotoboa. Sisi twapenda kukumbuka kisa hicho cha panya kwa sababu moja: tundu dogo halimtishi mtu, na kwa sababu halitishi, halizibwi. Shukrani ya neema ya maji si ulimi peke yake. Kukagua ukuta ni shukrani, na kuziba tundu ni shukrani.

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imegusa usalama wa mabwawa. Wala hatari si ya mabwawa makubwa tu. Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai nchini Kenya, bwawa la shamba, lisilo la umeme, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40, wengi wakiwa majumbani mwao. Twasisitiza mambo machache yaliyo katika uwezo wa wanadamu. Malango yajaribiwe kabla ya masika, na yawe na nguvu ya pili ya kuyainua, maana usiku wa dhoruba ndio umeme hukatika, na lango lililotegemea umeme huo halifunguki. Bomba na mlima vipimwe kwa ratiba, na vipimo viandikwe hata siku ambayo havina jipya. Na walio chini waonywe kwa sauti waijuayo.

Hili la mwisho ndilo lenye kutugusa sisi wenye nyumba. Katika Uswisi, kila mwaka, Jumatano ya kwanza ya Februari, ving'ora hulizwa nchi nzima kwa majaribio, na walio chini ya mabwawa husikia pia mlio wa pekee wa maji. Hulizwa siku ya amani ili siku ya shari mtoto asiulize, "Ni nini hicho?" Wahenga wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini yalazimu kwanza watu waijue mbiu. Katika vijiji vya bondeni kuna misikiti yenye vipaza sauti, kuna madrasa, kuna viongozi wa mitaa. Yafaa wapewe habari kabla maji hayajafunguliwa, nao waitangaze, kisha warudishe jibu: tumesikia, tumehama. Nasi wazazi tuwafundishe watoto wetu kwamba mto ulio chini ya bwawa si kama mito mingine. Waweza kuwa mkavu asubuhi, na kabla ya adhuhuri ukajaa pasipo wingu lolote mbinguni. Usioge, usivue, usianike nguo katikati ya mchanga wake kwa kuwa tu jua linawaka.

Kwa vijana tuna neno moja zaidi. Nchi yetu yahitaji wahandisi, wapima miamba, wasomaji wa vipimo vya mito na mafundi wa malango. Kijana asomaye elimu hiyo kwa nia ya kuzilinda roho za watu asidhani kwamba ameiacha dini akafuata dunia. Amechukua amana, na amana ataulizwa.

Tulirudi Tabora na ndoo ya asali aliyotupa mjomba. Siku tuliyofika tulimpigia simu mama mdogo huko Rufiji, tukamsimulia swali la Bibi. Akacheka kidogo. Tukamwuliza kama watoto wanajua mahali pa kukimbilia, akasema wanajua: kilimani, penye shule. Tukamwuliza, "Na habari mtaipata kwa nani?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwaka ule tuliipata kwa mto wenyewe."

Ewe Mwenyezi Mungu, wajaalie walio juu waite, na walio chini wasikie, na jibu lingojwe. Wabillahi tawfiq.